KUFUATA HATUA ZA MTOTO MCHANGA

Hotuba iliyosomwa na muuguzi mstaafu wa kliniki ya mama na mtoto katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa hapa kwa agizo la Halmashauri



Naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi hii ya kusema mbele yenu. Nilipoambiwa nichague jambo moja linalohusu ustawi wa watu wetu, sikukawia kuchagua. Nataka kusema juu ya watoto wadogo, tangu siku ya kuzaliwa hata watimize miaka mitatu, na jinsi inavyotupasa kuzifuata hatua za kukua kwao kwa macho, kwa hesabu, na kwa maandishi.

Yamkini baadhi ya wazee watasema moyoni, "Hayo ni mambo ya wanawake na ya kliniki, yaingiaje katika mkutano wa chama?" Jibu langu ni hili. Asubuhi mmeisikia taarifa ya Mweka Hazina. Mmesikia jinsi mfuko wetu ulivyosaidia katika misiba, kwa kununua majeneza na kukodi magari ya kuwafikisha marehemu makwao. Hiyo ni kazi njema, wala hakuna atakayeilaumu. Walakini katika taarifa ile hapakuwa na shilingi moja iliyotumika kumpeleka kwa mtaalamu mtoto anayechelewa kukaa, au kusikia, au kusema. Si kwamba watoto hao hawapo kati yetu. Wapo, lakini habari zao hazikuletwa, kwa sababu nyumbani wazazi wao wameambiwa wangoje. Neno hilo "ngojeni" ndilo nililokuja kulizungumza leo, maana mara nyingi hutoka vinywani mwetu sisi tulio wakubwa.

KIPIMO CHA WAZEE WETU

Kwanza nataka kuwapa wazee haki yao. Wazee wetu hawakukosa kipimo cha mtoto. Angalieni lugha yenyewe: twasema mtoto amekaza shingo, amejipindua, amekaa, anatambaa, anasimama dede, anakwenda tete. Kila hatua ina jina lake, na watu hawatoi jina kwa kitu wasichokiangalia. Akina mama wengi walimfunga mtoto uzi wa shanga kiunoni au mkononi, na uzi ulipolegea walijua ya kuwa mwili unapungua, hata kabla jirani hajaona.

Tena wazee hawakuwa watazamaji tu, walikuwa walimu. Mwaka 1976 mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Super, aliandika habari za watoto wa Wakipsigis wa Kokwet, hapa Kenya. Aliona ya kuwa watoto hao walikaa na kwenda mapema kuliko watoto wa Marekani, yapata mwezi mmoja. Hapo kabla wageni walidhani ya kuwa mtoto wa Kiafrika huzaliwa hivyo. Super aliuliza zaidi, akakuta akina mama wanafundisha kwa makusudi: humchimbia mtoto kijishimo kidogo ardhini, wakamketisha humo na kumwekea nguo pande zote asianguke, na kila siku humshika mikono na kumwendesha. Lakini katika kutambaa, jambo ambalo hawakulifundisha sana, watoto hao hawakuwatangulia wenzao. Basi tujue ya kuwa hatua za mtoto hutokana na mwili wake, na pia na mikono ya wale wanaomlea.

Hata hivyo kipimo cha wazee kilikuwa na upungufu wa mambo mawili. La kwanza ni tarehe. Mtoto alihesabiwa kwa mvua au kwa mavuno, na kosa la miezi mitatu halikuonekana kuwa kitu. Kwa mtu mzima miezi mitatu si kitu. Kwa mtoto wa miezi tisa ni theluthi ya maisha yake yote.

La pili ni hukumu. Wajaluo wana neno chira. Ndugu zetu Wagiriama wa Kilifi wana neno chirwa. Waswahili wa pwani husema mtoto amebemendwa. Maneno hayo hayalingani kwa kila jambo, lakini yote hutumika kwa mtoto anayekonda, asiyekua, aliyerudi nyuma. Na mara nyingi watu wakamtafuta mkosaji, wakasema baba au mama amevunja mwiko au ametoka nje ya ndoa. Wazee wangu, mimi nasema kwa heshima: jicho lililomwona mtoto liliona sawasawa, ila hukumu ndiyo iliyopotea. Matokeo yake ni kwamba mama huogopa kumtoa mtoto nje. Humfunika shuka, humficha chumbani, na kliniki haendi tena, asije akaulizwa alikuwa wapi usiku.

Linganisheni na habari za Waga wa Ghana. Wao nao walikuwa na jina la ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa ajili ya mdogo wake aliyezaliwa: kwashiorkor. Daktari Cicely Williams alilichukua neno lao, akalitangaza kwa madaktari wa dunia mwaka 1935. Waga walitazama alichopoteza mtoto. Nacho kilikuwa ni ziwa la mama, bila kupewa chakula kingine cha kutosha mahali pake. Jina lao likawa mwanzo wa tiba.

KARATASI YA KLINIKI

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Mwingereza, David Morley, alikuwa akifanya kazi katika kijiji cha Imesi, magharibi ya Nigeria. Yeye ni mmoja wa walioleta desturi ya kumpima mtoto kila mwezi na kutia alama ya uzito wake juu ya karatasi yenye mistari, na karatasi hiyo akakabidhiwa mama akae nayo nyumbani. Hilo la kukabidhiwa mama ni jambo kubwa. Habari za mtoto zilitoka katika kabati la hospitali, zikaingia nyumbani ambamo mtoto anaishi.

Mistari tunayotumia leo ilitolewa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2006. Ilitokana na kupimwa kwa watoto wapata 8,500 wa nchi sita, yaani Brazil, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani, kati ya mwaka 1997 na 2003. Watoto hao walichaguliwa kwa kuwa walinyonyeshwa vizuri na hawakukaa penye moshi wa sigara wala penye njaa. Ikaonekana ya kuwa mtoto wa Kiafrika, wa Kiarabu, wa Kihindi na wa Kizungu, wakilelewa vizuri, hukua kwa namna zinazokaribiana sana. Kwa hiyo asiseme mtu, "Sisi ukoo wetu ni wafupi," kabla hajatazama sahani ya mtoto.

Katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa na Wizara ya Afya, mistari hiyo imo. Namna ya kuisoma si ngumu. Msitazame nukta moja. Tazameni mwendo wa nukta. Mtoto mdogo ambaye mstari wake unapanda sambamba na mistari ya kitabu, huyo anaendelea. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi miwili, huyo ana jambo, hata kama majirani wanamsifu. Kwa kawaida mtoto hupungua kidogo siku za kwanza, akarudia uzito wake wa kuzaliwa ifikapo wiki mbili. Aliyezaliwa na kilo 3 hufikia kilo 6 yapata mwezi wa tano, na kilo 9 yapata mwaka mmoja.

Kadhalika kuna utepe wa rangi tatu unaozungushwa katika mkono wa mtoto, juu ya kiko, kwa watoto wa miezi 6 hata wanaokaribia miaka 5. Kijani ni salama. Manjano ni kati ya sentimita 11.5 na 12.5, na ni onyo. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, nayo ni hatari; mtoto huyo apelekwe siku ile ile. Utepe huo ni ndugu wa ule uzi wa shanga wa mama zetu, ila huu una namba.

Kazi hii ina faida inayoonekana. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 35 walikuwa wamedumaa kimo. Mwaka 2014 walikuwa 26, na mwaka 2022 walikuwa 18. Tumesogea, lakini watoto 18 katika 100 si wachache, na kudumaa huzuia akili pamoja na kimo.

HATUA NA MIEZI YAKE

Sasa nije kwenye jambo ambalo mizani haiwezi kuonyesha. Mtoto aweza kuwa na uzito mzuri na huku shingo haijakaza, au hasikii. Kwa hiyo kijitabu kina ukurasa mwingine, ukurasa wa hatua, nao kwa bahati mbaya ndio uliobaki mweupe katika vitabu vingi nilivyofunguliwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni liliwafuata watoto 816 wa nchi tano kati ya zile nilizotaja, likaandika tangu lini na mpaka lini watoto wenye afya huzifikia hatua sita. Kukaa bila kushikwa ni kati ya mwezi wa 4 na wa 9. Kusimama kwa kushikilia ni kati ya mwezi wa 5 na wa 11. Kutambaa kwa mikono na magoti ni kati ya mwezi wa 5 na wa 13 na nusu. Kwenda kwa kushikwa mkono ni kati ya mwezi wa 6 na wa 14. Kusimama peke yake ni kati ya mwezi wa 7 na wa 17. Kwenda peke yake ni kati ya mwezi wa 8 na wa 17 na nusu. Tena yapata watoto 4 katika 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti, wakasimama na kwenda bila dhara lo lote.

Mwaona jinsi nafasi ilivyo pana. Mtoto wa jirani akienda kwa miezi 10 na wako kwa miezi 15, wote wawili wamo ndani ya njia. Mama asisumbuliwe kwa maneno ya "mwenzake mbona anakimbia?" Lakini njia pana nayo ina ukingo, na mtoto aliyevuka ukingo si wa kungojewa.

Zaidi ya viungo kuna macho, masikio, mikono na ulimi. Ifikapo wiki ya sita hivi, mtoto huanza kumtazama mama usoni na kumrudishia tabasamu. Mwezi wa tatu hata wa nne shingo imekaza, na mtoto hufuata kitu kwa macho. Karibu na mwezi wa sita hunyosha mkono kukamata, na hugeuka akisikia sauti asiyoiona imetoka wapi. Kati ya mwezi wa saba na wa kumi hutoa sauti za ba-ba na ma-ma, na huanza kuwashuku wageni. Karibu na mwaka mmoja huokota punje ya mahindi kwa ncha za vidole viwili, huitika jina lake, na huaga kwa mkono. Kati ya mwaka na mwaka na nusu huonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukitazame, na husema maneno ya kwanza. Atimizapo miaka miwili huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "maziwa hapana."

Juu ya maneno, niwatoe hofu wale wanaoishi mjini. Nyumba yenye lugha mbili au tatu haimfanyi mtoto kuwa bubu. Hesabuni maneno ya lugha zote pamoja: neno moja la lugha ya nyumbani, moja la Kiswahili, yote ni mali yake. Semeni naye kwa lugha mnayoijua vizuri, wala msinyamaze kwa kungoja ajifunze Kiingereza.

Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ahesabiwe kwa namna yake. Aliyetangulia kwa miezi miwili, akiwa na miezi 8, mtazameni kama mtoto wa miezi 6. Endeleeni hivyo hata atimize miaka miwili. Lakini chanjo zake zifuate siku aliyozaliwa.

WAKATI USIO WA KUNGOJA

Haya nitakayoyataja sasa naomba makarani wa matawi wayaandike. Mtoto apelekwe kliniki bila kungoja mwezi mwingine, ikiwa ana miezi 3 na hatabasamu kwa mtu. Ikiwa ana miezi 4 na shingo haijakaza. Ikiwa ana miezi 6 na hageukii sauti. Ikiwa ana miezi 9 kamili na hawezi kukaa. Ikiwa ana mwaka mmoja na hatoi sauti zinazofanana na maneno. Ikiwa ana miezi 18 na hajaenda, au hana neno, au haonyeshi kwa kidole. Ikiwa ana miaka miwili na haunganishi maneno. Tena mtoto ambaye kabla ya mwaka mmoja hutumia mkono mmoja tu na mwingine ameukunja, watu husema atakuwa wa shoto. Huyo naye atazamwe, maana yamkini mkono wa pili ni dhaifu. Na mtoto wa umri wo wote aliyepoteza alichokuwa akikifanya, aliyekuwa akisema akanyamaza, au aliyekuwa akikaa sasa aanguka, huyo apelekwe mara moja.

Chukueni mfano wa mtoto aliyezaliwa kwa uchungu mrefu akakawia kulia. Mama anapomfunga nguo, miguu hukaza na kupishana kama mkasi. Bibi husema, "Huyu ana nguvu." Mwezi wa tisa hajakaa, babu husema, "Baba yake naye alichelewa, ngojeni." Mwaka wa pili huanza kusemwa ya kuwa amerogwa, na mbuzi wawili huuzwa kwa ajili ya mganga. Afikapo hospitali ana miaka mitatu, na kano za miguu zimekwisha kufupika. Ugonjwa huo madaktari huuita mtindio wa ubongo. Haukuletwa na adui. Yamkini uliletwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hauondoki kwa dawa. Lakini mtoto huyo angalifundishwa kukaa kwa kuegemezwa, kumeza bila kusakamwa, na kunyoshwa viungo kila siku tangu mwezi wa nne, leo hali yake ingalikuwa nyingine.

Mfano wa pili ni wa manjano ya siku za kwanza. Watoto wengi hugeuka manjano kidogo, kisha hupona wenyewe. Lakini manjano yanayotokea ndani ya saa 24 za kwanza, au yanayofika viganjani na nyayoni, yaweza kuharibu ubongo na masikio. Ngozi nyeusi huyaficha. Tazameni weupe wa macho na ufizi. Hospitali humlaza mtoto chini ya taa maalumu, na mara nyingi hiyo yatosha. Kumwanika juani na kungoja wiki si tiba.

Mfano wa tatu ni wa masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara, au aliyepata homa ya uti wa mgongo, aweza kupoteza kusikia bila mtu kujua. Hata mtoto kiziwi hutoa sauti miezi ya kwanza, kwa hiyo wazazi hudanganyika. Baadaye huitwa mkaidi, akachapwa kwa kutokutii amri ambayo hakuisikia. Mkitaka kumjaribu, msibamize mlango, maana atauhisi mtikisiko; simameni nyuma yake asipowaona, mkaliite jina lake kwa sauti ya kawaida. Chanjo zimepunguza balaa hii: ile ya Hib ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2001, na ile ya nimokoko mwaka 2011. Mtoto aliyekosa chanjo hizo hana kinga hiyo.

"KWANI DAKTARI ATAFANYA NINI?"

Swali hilo nimeulizwa na wazee wengi, nao huuliza kwa uchungu, si kwa ubishi. Husema, "Mtoto akishazaliwa hivyo, kumpeleka ni kupoteza nauli." Nitajibu kwa ukweli. Wako watakaopona kabisa: mwenye njaa atalishwa, mwenye upungufu wa damu atapewa madini ya chuma, mwenye matege kwa kukosa vitamini D na jua atatibiwa, mwenye usaha sikioni atakaushwa. Wako ambao hawatapona, lakini watafundishwa. Kiziwi aliyejulikana mapema aweza kupata chombo cha kusikia au lugha ya ishara, na akili yake isilale bure. Tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya elimu vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuwashauri wazazi. Muulizeni mwalimu mkuu au afisa wa elimu wa karibu.

Tena upimaji wenyewe si mambo ya mbali. Wataalamu wa Kilifi, akiwamo Amina Abubakar, walitangaza mwaka 2008 namna ya kuwapima watoto wa miezi 6 hata karibu miaka mitatu, waliyoitengeneza kwa ajili ya watoto wa huko. Mtoto wa kijijini hapimwi kwa vitu ambavyo hajapata kuviona.

Na nyumbani pia iko kazi. Sahani ya mtoto, kumsemesha, kumwimbia, kumpa kikombe na kijiko achezee, kumlaza kifudifudi kidogo anapokuwa macho ili shingo ipate nguvu, haya hayana bei. Mama aliyeachiwa kazi zote peke yake hana nafasi ya kuyafanya. Akina baba, hapo pana sehemu yenu.

MAOMBI YANGU KWA CHAMA

Bwana Mwenyekiti, sikuja kuhutubu tu na kuondoka. Ninayo maombi manne.

La kwanza: kila tawi lichague wanawake wawili waende kliniki wajifunze kukisoma kijitabu, mistari na hatua zake, wapate kuwasaidia akina mama vijana kwa siri na kwa upole.

La pili: akina baba wahudhurie kliniki walau mara mbili, mwezi wa 9 na mwezi wa 18, ambapo mtoto hupata chanjo ya surua. Wengi wakipata ile ya mwezi wa 9 hawarudi tena, wakidhani kazi imekwisha. Lakini kati ya miezi hiyo miwili ndipo mtoto huanza kwenda na kusema, na ndipo anapokosa mtu wa kumtazama.

La tatu: Halmashauri irekebishe kanuni za mfuko, ili mtoto wa mwanachama aliyeandikiwa barua na kliniki apate nauli ya kwenda na kurudi, yeye na anayemchukua. Najua mfuko ni mdogo, na wako watakaosema fedha hizi zilichangwa kwa ajili ya misiba. Mimi nasema nauli ya mtoto mmoja kwenda hospitali mara kadhaa haifikii gharama ya gari moja la msiba. Wala sisemi msiba uachwe. Nasema mwanachama aliye hai, ingawa ana miezi sita tu, naye ahesabiwe kuwa ni wa chama.

La nne ni lenu, wazee, wala halina gharama. Mkiulizwa juu ya mtoto, kabla ya kujibu, ulizeni kwanza, "Ana miezi mingapi, na kijitabu kiko wapi?" Mama kijana hawezi kumpinga baba mkwe. Mzee akisema "ngojeni," atangoja hata mwaka, na moyo wake wamwambia vingine. Mzee huyo huyo akisema "mpelekeni," kesho asubuhi atakwenda, na hakuna jirani atakayethubutu kumsengenya. Muuguzi hana uwezo huo, na daktari hana. Mnao ninyi.

Wahenga walisema asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ufa wa mtoto mchanga huonekana mapema kwa anayetazama, nao huzibika kwa gharama ndogo; ukuta wake ni wa maisha yote. 



(Baada ya hotuba maswali yaliulizwa kwa muda mrefu. Mkutano uliyakubali ombi la kwanza, la pili na la nne kwa sauti moja. Juu ya ombi la tatu wanachama hawakuafikiana. Limepelekwa kwa Halmashauri, nayo imeagizwa kuleta shauri lake katika mkutano wa robo mwaka ujao. Wanachama wenye maoni wayapeleke kwa Katibu kwa maandishi.)